Sindano Iliyompima Koko

Kwa zaidi ya mwaka mmoja wa utoto wangu niliamini kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimweka hai koko yangu, yaani bibi yangu. Mimi, mtoto wa darasa la tatu niliyeogopa bata. Sikutumia dawa wala dua. Nilikuwa nimeiba kipande cha bati kidogo kuliko stempu, nikakificha chini ya mtungi wa maji, basi. Upumbavu mwingine nimefanya tangu hapo, tena mwingine nikiwa tayari na cheti cha sekondari ukutani, lakini huu ndio ninaouungama kwanza, kwa sababu ulimfanya papa yangu aache kuuamini mkono wake mwenyewe.

Kilichonirudisha huko ni siki. Juzi mjukuu wangu aliangusha chupa jikoni, harufu ikapanda, na mimi nikabaki nimesimama na ufagio mkononi, nimesahau cha kufagia. Kwangu siki ni chumba cheusi cha papa, alimosafishia picha. Ninyi wa umri wangu mnakumbuka jinsi tulivyopigwa picha wakati ule: mkono juu ya mgongo wa kiti, viatu vya kuazima, na amri ya kutopumua. Kwetu hayo yalifanyika katika chumba cha mbele. Ukisukuma pazia ukienda kuchukua daftari lako la hesabu, unakuta bibi harusi wa watu amelikalia.

Papa alijifunza kazi kwa Mgiriki mmoja kule mjini. Mgiriki alipofunga duka akarudi kwao, alimwachia mashine ya mbao yenye miguu mitatu, taa moja kubwa, sahani ya flashi, na kidude cha kushika kiganjani ambacho papa alikiita seluli. Kazi yake ilikuwa kupima mwanga. Mbele ilikuwa na kioo chenye vinundu kama jicho la nzi, na juu ya kioo hicho kifuniko cha bati chenye matundu madogo madogo, mfano wa kichujio cha chai, cha kupunguza ukali wa taa. Nyuma, upande aliouangalia papa, kulikuwa na sindano nyembamba kuliko unywele, imelala kwenye kona ya kushoto ikingoja kuamshwa.

Flashi yenyewe haikupimika. Ile ampule, balbu yake, inawaka na kufa kabla sindano haijashtuka. Kwa hiyo papa alitafuta njia ya kuizunguka. Aliwasha kwanza taa kubwa, akaisimamisha mahali palepale ambapo flashi ingewakia, akasogeza seluli mpaka karibu na pua ya mtu, akasoma sindano, kisha akafungua daftari lake. Humo, kwa kazi ya miaka na ampule nyingi zilizokufa bure, alikuwa ameandika: sindano ikisimama hapa, jicho la mashine lifunguliwe mpaka pale. Sindano ikipanda sana, maana yake mwanga ni mwingi, jicho linafungwa. Sindano ikilala, jicho linafunguliwa. Tena alikuwa na siri moja ambayo karatasi ya maelezo aliyoiacha Mgiriki haikuisema.

“Hii seluli inafikiri dunia yote iko rangi ya majivu,” alikuwa akiniambia. “Nikiisikiliza tu, mutu mweusi anatoka majivu. Donc, mimi nafunga jicho nusu alama. Nusu, mama. Nusu alama ni mutu mungine.”

Aliniita mama kwa sababu nilikuwa na jina la mama yake. Huyo ndiye Koko. Alitufikia kutoka Kindu, kwanza kwa meli, kisha kwa treni, akiwa na kikapu cha kuku na kikohozi kilichopanda naye njia nzima. Yeye aliniita ndoyi, yaani mwenzake wa jina, na alinidai haki zote za jina hilo: nimkune mgongo, nimtafunie karanga, nilale naye kitanda kimoja. Kidevuni alikuwa na kovu dogo lenye umbo la punje ya mahindi. Nilikuwa naliwekea kidole ndipo usingizi unikubali. Papa alikuwa amepiga picha nusu ya cité, yaani mtaa wetu, wapishi, makarani, wabatizwa, lakini mama yake hakuwahi kumpiga hata moja. Hilo lilimuuma. Alikuwa akimbembeleza tangu siku aliyoshuka kwenye treni.

Sasa mniruhusu niwaeleze jinsi nilivyofikia elimu yangu, maana haikuja hivihivi. Siku moja alikuja mzee mmoja, mpishi aliyestaafu, amevaa koti jeusi. Papa akasogeza seluli, akatikisa kichwa: “Huyu mwanga yake iko kidogo sana.” Juma lililofuata tukasikia vilio upande wa kisima. Yule mzee amekufa. Kisha akaja bibi harusi, mnene, gauni jeupe mpaka sakafuni, na papa akapiga kelele: “Ah, huyu iko na mwanga, huyu! Angalia, sindano inafika mwisho!” Kabla ya mwaka kwisha, bibi harusi akajifungua mapacha. Mlitaka nifikiri nini? Niliona wazi kwamba seluli inapima maisha yaliyobaki ndani ya mtu, na kwamba papa, kwa upole wake, hapendi kuwaambia watu majibu.

Nilifanya na majaribio, kama mwanasayansi. Mchana watu wakilala, niliichukua seluli uani. Kuku mweupe: maisha tele. Sufuria ya masizi: mfu. Bata, ambaye nilimpimia mbali, alikuwa mweupe, na sindano ilipanda hadi nikaelewa ni kwa nini namwogopa. Halafu nikaigeuza kwangu mwenyewe, nikiwa na gauni langu la shule la buluu nzito. Robo tu. Siku ile nilikula makemba, zile ndizi za kupika, mawili zaidi na kukataa kucheza kamba, ili nisimalize kilichobaki. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kuwa mtu wa kukaa nyumbani, na bado sijaponyoka.

Jumamosi moja Koko alichoka kubembelezwa, akakubali. Aliketi mbele ya pazia lililochorwa ngazi na ziwa, amejifunga liputa, kitenge chake cha buluu kilichokaribia weusi, na kitambaa cheusi kichwani, kwa kuwa bado alimvalia marehemu mume wake. Papa akawasha taa kubwa.

“Mama, kaa sawa. Usicheke kwanza, minapima tu.”

“Unapima nini? Mimi haiko kitambaa.”

“Mwanga, mama.”

“Na mwanga iko kwangu?”

Papa akaiinamia sindano. Haikutoka kwenye kona. Akaigonga kwa ukucha, akasogea, akapima tena.

“Iko kidogo,” alisema. “Kidogo sana.”

Koko alicheka mpaka kikohozi kikamkamata. “Bon,” alisema akijifuta macho, “muzee kama mimi, ulitaka iwe mingi?”

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la mlangoni, nikasikia yote. Papa alizima taa akamwambia kesho, baada ya misa, avae liputa nyeupe ya Pasaka, watajaribu tena. Mtoto mwenye akili angelisikia neno nyeupe, akakumbuka kuku, bata na gauni la bibi harusi, akaunganisha. Mimi niliunganisha kikohozi na mpishi.

Jumapili, tulipokwisha kula, nyumba nzima ikalala. Koko alijinyoosha kwenye mkeka chini ya upenu wa jiko, bado na liputa yake ya buluu, mdomo wazi. Nikachukua seluli mezani, nikapiga magoti, nikaielekeza kifuani pake. Sindano ikalala. Nikaisogeza kidevuni, pale kwenye kovu. Ikalala. Nikaikaza kiganjani, kidole kikateleza upande wa mbele, na kile kifuniko chenye matundu kikachomoka. Sindano ikaruka kama panzi.

Nilimwangalia Koko. Nikaangalia kifuniko kiganjani. Kumbe maisha yake yalikuwamo yote, ila yalikuwa yamefunikwa! Nikairudisha seluli mezani, kioo chake uchi, na kifuniko nikakitia chini ya mtungi, kwenye udongo wa baridi, mahali ambapo hakuna mtu wa kufagia.

Alasiri papa aliwasha taa. Upande wa mbele wa seluli ulimtazama Koko. Papa aliuona mgongo tu, kama siku zote. Nani huangalia uso wa kitu alichokishika miaka kumi?

“Eh,” alisema. Akagonga kioo cha sindano. Akapima mara ya pili. “Mama, umekula nini leo?”

“Makemba. Ndoyi yangu amenilazimisha.”

Akapima mara ya tatu. “Sindano inapanda, inapanda tu. Ni hii liputa nyeupe, inakurudishia mwanga kwenye sura.” Alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akashika pete ya jicho la mashine na kulifunga, alama moja, mbili, tatu. Halafu akasita. Mkono wake ulibaki palepale, ukakataa kuondoka, na polepole ukaifungua pete alama moja kurudi nyuma. Nililiona hilo vizuri. Nilidhani anajinyoosha vidole. Mimi nilikuwa na furaha zangu. Koko amepona.

Flashi ikapiga. Ampule ikavimba malengelenge, chumba kikanuka nywele zilizoungua, na Koko akawa amesimama.

“Yesu na Maria! Hii haiko picha, hii iko radi! Mara moja inatosha. Hata unipigie magoti, sirudi kwenye kiti ile.”

Na hakurudi. Ninyi hamkumjua. Alikuwa mwanamke wa kusema neno mara moja.

Papa aliniruhusu kuingia naye chumba cheusi kwa sababu nilijua kunyamaza. Chini ya taa nyekundu aliizamisha karatasi katika sahani ya kwanza, na tukangoja. Liputa ilitokea kwanza, nyeupe, mikunjo yote mahali pake. Kisha mikono miwili mapajani. Kisha juu, pale tulipomngojea Koko, kukaja giza. Papa aliivusha kwenye sahani ya siki. Akajaribu karatasi nyingine, na nyingine. Akiokoa uso kidogo, liputa inapotea. Akiilinda liputa, uso unazama. Hata kovu la kidevuni halikuonekana. Mwisho alichagua moja, ile nyeusi kuliko zote, kwa kuwa nyingine zilimtoa Koko majivu, akaitundika kwa kibanio.

“Yuko mule ndani,” alisema. “Nimemupa yote ile niliweza.”

Aligundua siku ya pili kwamba kifuniko hakipo. Aliinama uani kutwa nzima, akipepeta mchanga kwa vidole, papa yangu ambaye hakuwahi kupiga goti nje ya kanisa. “Imeanguka, nami sikuona,” alimwambia mama yangu. “Imeanguka lini? Jana? Ama kisha picha? Ama picha ile niliikosa mimi tu, kwa mukono yangu?” Swali hilo lilimwingia. Alichonga kifuniko kingine kwa bati la sardini, akakitoboa matundu kwa sindano ya mama ya kushonea, akalinganisha na daftari siku nyingi. Lakini hakuwa mtu yuleyule. Alipima mara tano, mara sita, mpaka watoto wa wateja wanalala kwenye kiti. Picha ikitoka vizuri alisema ni bahati. Siku moja nilimwona ameshika pete ya jicho la mashine, haigeuzi mbele wala nyuma, anauangalia tu mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Nilikuwa na jibu lake chini ya mtungi. Hilo nalijua leo, na nililijua siku ile pia. Lakini mniweke kwenye nafasi yangu: nikikitoa kifuniko, papa atakirudisha mahali pake, sindano italala, na Koko naye. Nilipimiwa mkono wa papa upande mmoja na roho ya Koko upande wa pili, na nilikuwa sijatimiza hata miaka tisa. Nikamchagua Koko. Na yeye, kama anayejua, alikuwa akinenepa! Kikohozi kilimwacha. Akaanza kumfukuza bata kwa fimbo kwa niaba yangu. Siku papa alipoivalisha seluli kile kifuniko cha sardini, nilimchunga Koko siku tatu mfululizo. Alipiga chafya mara moja, nusura nikiri kila kitu.

“Ndoyi, unaniangalia vile juu ya nini?” aliniuliza. “Kama vile mimi iko maziwa kwenye moto.”

“Hapana, Koko. Nakuangalia tu.”

“Basi angalia huku unakuna. Chini kidogo. Hapo.”

Mvua zikaja, zikaondoka, zikaja tena. Mchana mmoja alikula vizuri, akaniomba nimkune, akageukia ukuta kwenye mkeka wake. Alipoitwa hakuitika. Mama alipoanza kulia, mimi sikulia. Nilikimbilia mtungini. Niliuinamisha hata maji yakanimwagikia kifuani, nikapapasa. Kifuniko kilikuwapo. Kimeshika kutu pembeni, kimelala palepale nilipokiweka, hakuna aliyekigusa. Elimu yangu yote ilikuwa mahali pake, na Koko alikuwa amekufa.

Uani palijaa watu. Wanawake wa Kindu waliimba, tonton zangu, wajomba na baba wadogo, walipanga viti. Papa alikuwa amejitenga katika studio, ameketi kwenye sanduku la mashine, ile picha nyeusi magotini. Alikuwa ametaka kuiweka mezani mbele ya wageni, akaona haya. Nikasimama mbele yake, nikafungua kiganja.

“Papa.”

“Mama,” aliitika. Siku ile, kati ya siku zote, ndivyo alivyoniitika.

“Haikuanguka. Ni mimi niliitoa. Nilitaka sindano ya Koko ipande.”

Alikichukua kile kibati, akakigeuza. “Uliitoa lini?”

“Mbele ya picha. Siku ya Mungu, mulikuwa munalala.”

“Mbele ya picha? Hakika?”

“Hakika, papa.”

Nilingoja kofi. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, na sikujua kama analia au anacheka, mpaka nikaona ni vyote viwili. “Donc seluli ndiyo ilinidanganya,” alisema. “Mukono ilikataa. Unakumbuka? Daftari ilisema funga, na mukono ikarudi nyuma. Mukono ilijua!” Alikuwa amefiwa na mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa kitu. Sijawahi kuona tena furaha ya namna ile katika msiba, nami misiba ndiyo safari zangu pekee.

Kisha akasimama, akakibandua kile kifuniko cha sardini, akavalisha seluli kifuniko chake cha zamani, kutu na yote. Akawasha taa kubwa, akaisogeza seluli kwenye gauni jeusi nililovalishwa kwa msiba. Akanionyesha upande wa sindano. Haikuamka.

“Unaona? Hakuna kitu. Na uko hapa, muzima, unaninukia maji ya mutungi.” Alinivuta magotini. “Haipimi mutu, mama. Inapima tu mwanga yenye inatoka kwa mutu kurudi kwetu.”

Papa naye alikwisha kwenda, miaka mingi sasa. Ndugu zangu waligawana vitu vyenye faida. Mimi nikaomba seluli na picha, na hakuna aliyenishindania. Seluli imekufa. Hata ukiielekeza kwenye jua la saa sita, sindano haitoki kitandani. Picha niliitia kioo nikaitundika kwenye ukumbi mwembamba katikati ya nyumba, mahali pasipo dirisha, kwa kuogopa jua lisije likafuta hata hicho kidogo kilichobaki. Kila siku nikipita na ndoo nasimama, nautafuta uso, siupati, naomba radhi, naendelea na kazi. Watoto wangu husema hata kivuli changu hakijui njia ya kwenda sokoni.

Siku ya siki, jirani yangu Mama Vero, binti wa Wagenia, wale wavuvi wa mtoni, alikuja kuniletea samaki wa kukaushwa, kwa kuwa anajua nikingojwa nimfuate mimi, samaki atafufuka. Alinikuta nimesimama ukumbini na ufagio. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi, ila kwa machozi kidogo na bila mapambo. Nikamwambia, basi, sura ya koko yangu niliiua mimi, kwa kutaka kumponya. Mama Vero alisikiliza mpaka mwisho. Aliweka samaki chini, akaitoa picha kwenye msumari bila kuniomba ruhusa, akapita nayo jikoni, akatoka nayo uani kwenye jua kali la mchana. Nilimfuata nikipiga kelele kwamba ataiunguza, nikaishia kizingitini, kama kawaida yangu. Yeye alifuta kioo kwa pindo la liputa, akaiinamisha picha huku, akaiinamisha kule, akaisogeza machoni. Kisha akageuka kuniangalia.

“Sura iko hapa yote, Mama, hata kovu ya kidevu, ni wewe ulimukalisha koko yako kwenye giza miaka yote hii. Toka inje!”